Besi kwenye spika bila sabuufa: Sonic Maximizer, Aural Exciter au kompresa?

NyuziNne_Jinja
Salaam ndugu. Besi ya kanisani ni ya nyuzi nne, pikapu pasivu (kinasa sauti cha nyuzi kisichotumia betri), inaingia moja kwa moja kwenye mikseri, kisha spika mbili za inchi 15. Sabuufa hakuna. Ikipigwa peke yake inajaa ukumbi, ila kwaya na kinanda vikianza unabaki mvumo tu, noti hazitambuliki. Pesa inatosha kifaa kimoja: BBE Sonic Maximizer, Aphex Aural Exciter au kompresa (inayopunguza noti kali ili zilingane na nyingine). Kipi?

FundiMawimbi
Sonic Maximizer huchelewesha kidogo masafa ya chini ili ya juu yatangulie, halafu kitufe cha Lo Contour kinaongeza chini na cha Process kinaongeza juu. Chini unayo tayari, tena imezidi, kwa hiyo hapo utapoteza pesa.

Exciter inazalisha hamoniki mpya za juu (masafa ya mara mbili, tatu na zaidi ya noti yenyewe) na kuzichanganya na sauti halisi. Mguso wa kidole utasikika. Mwili wa noti hautaongezeka sana.

Noti ya E wazi ni Hz 41, na spika nyingi za inchi 15 zimeshadhoofika zikifika huko. Hamoniki zake, 82, 123, 165 na kuendelea, zinatoka vizuri, na sikio likizipata linaijaza lenyewe ile 41. Zinazohitaji nguvu ni hizo. Ningenunua kifaa cha nne ambacho hukukitaja: priampu (kikuza sauti cha awali) yenye ovadraivu (ukwaruzo unaoongeza hamoniki) na kitufe cha Blend (kinachochanganya sauti safi na iliyokwaruzwa), mfano SansAmp Bass Driver DI ya Tech 21.

Mbale_LowB
Naunga mkono, na kuna sababu nyingine. Pikapu pasivu inataka ingizo lenye ukinzani wa karibu megaohm 1. Ingizo la line la mikseri mara nyingi ni kilo-ohm 10 hadi 20, na hapo masafa ya juu yanamezwa kabla hayajafika popote. Exciter haiwezi kuchangamsha kilichokwisha kufa. Priampu ya aina hiyo ni DI pia (kiunganishi kinacholinganisha ala na mikseri), kwa hiyo tatizo hilo linaisha papo hapo.

KompresaKwanza
Msiidharau kompresa, ssebo. Noti moja ikipiga kelele na inayofuata ikizama, hamoniki hazisaidii. Ratio (kiwango cha kubana) 4:1, attack (muda wa kuanza kubana) ms 30, release (muda wa kuachia) ms 150, ipunguze dB 4 hadi 6 kwenye noti kali tu. Attack ikiwa fupi mno inakata mguso wa kidole, besi inalala. Pia kumbuka kwamba gain ya mwisho (inayoongeza sauti baada ya kubana) inapandisha na mngurumo wa umeme wa Hz 50.

FundiMawimbi
Ni kweli, lakini mikseri nyingi zina kompresa ya kitufe kimoja kwenye chaneli. Angalia kama yako inayo kabla ya kununua.

NyuziNne_Jinja
Ipo kwenye chaneli 1 na 2. Basi nachukua priampu. Niipange vipi?

Mbale_LowB
Toa kwa XLR (plagi ya pini tatu), si jeki. Zima chaneli, washa 48V (umeme ambao mikseri hupeleka kupitia waya wa XLR), subiri kidogo ndipo ufungue, la sivyo spika zitapiga mshindo. SansAmp inakubali umeme huo, kwa hiyo adapta huihitaji, na kelele nyingi za adapta za bei rahisi zinaondoka nayo. Blend nusu: ukiijaza yote, masafa ya kati yanazama, na ndiyo unayoyatafuta. Drive robo. Bass ibaki katikati.

Kwenye mikseri punguza dB 3 karibu Hz 250, ongeza dB 3 karibu Hz 800. Low cut (kichujio kinachokata masafa ya chini) ya Hz 75 au 100 kwa kawaida huzimwa kwenye besi, lakini kwa spika zako ijaribu ikiwa imewashwa. Koni zikipumzika, noti huenda zikasafika.

KompresaKwanza
Na mpiga kinanda aache oktava mbili za chini. Mkono wake wa kushoto ukibaki huko, hakuna kifaa kitakachoitoa besi.