Naomba ushauri: jeni za SOX2 na NEUROD2 kwenye kundi moja la seli

Habari za jioni wakuu. Niko Mtwara, nachambua data huria ya RNA ya seli mojamoja, gamba la ubongo wa kijusi, wiki ya 17 na 18. Glia radiali (seli mama zinazozaa niuroni) zimejitenga vizuri kwa jeni za SOX2 na HOPX, niuroni changa (seli za neva) kwa NEUROD2. Tatizo ni kundi la katikati: lina SOX2 na NEUROD2 pamoja, EOMES (jeni ya seli za hatua ya kati, kati ya glia radiali na niuroni) karibu haipo, na RNA kwa kila seli ni kama mara mbili ya majirani. Nimeondoa seli zenye jeni chini ya 500 na zenye RNA ya mitokondria zaidi ya 10%, bado lipo. Nahofia ni seli pacha, yaani seli mbili zilizonaswa kwenye tone moja la kipimo na kusomwa kama moja, ila kufuta seli halisi zinazogeuka niuroni kutaniuma sana.

Je, EOMES kukosekana kunatosha kuzifuta? Na seli pacha nizipime kwa kila sampuli kabla ya kuunganisha sampuli, au baada?