LGS1 kwenye mtama: bendi isipotokea, jeni haipo au PCR ndiyo imekataa?

Ugenya_Mbegu
Wadau, hamjambo. Tunachuja mistari ya mtama kwa mashamba ya Siaya na Busia yaliyojaa kayongo (Striga hermonthica), gugu linalonyonya mizizi ya mtama. Tunatafuta ile ambayo mizizi yake haiamshi mbegu za kayongo. Kati ya familia za jeni za strigolaktoni (kemikali za mizizi zinazoiamsha kayongo), yaani CCD, MAX1, D14, KAI2 na hii LGS1 ya salfotransferasi, ni ipi ya kufuatilia? Na sampuli ambazo baada ya PCR (kunakili kipande cha DNA) hazionyeshi bendi ya LGS1 kwenye jeli, nizihesabu zimepoteza jeni?

mama_jenomu
Shika LGS1, nyingine ziache. CCD7 na CCD8 hukata karotenoidi mwanzoni kabisa mwa njia. Ukizizima, strigolaktoni zote hupungua, na mtama wenyewe unazihitaji kama homoni: machipukizi yatazidi, mmea utafupika, na kuvu wa mizizini wanaouletea fosforasi watakosa wito. D14 ni kipokezi cha mtama. Kikishaipata homoni huungana na protini D3, kisha protini ya kizuizi D53 huvunjwa. Kuiharibu D14 hakuzuii mizizi kumwaga strigolaktoni udongoni, kwa hiyo kayongo itaota tu.

KAI2 inayotusumbua iko kwa adui. Mimea mingi ina nakala moja au mbili. Kayongo ina 11, na kadhaa kati yake zimegeuka kuwa vipokezi vya strigolaktoni. Kimoja, ShHTL7, huitikia hata viwango vidogo mno vya pikomola. Ndiyo maana mmea unaotoa nusu ya kawaida bado utashambuliwa. Kinachosaidia ni kubadilisha aina ya strigolaktoni, na hapo ndipo LGS1, iliyoko kromosomu ya 5, inapoingia. Ikiwa nzima, mizizi hutoa zaidi 5-deoksistrigoli. Ikikosekana, hutoa orobankoli, ambayo ni dhaifu kuamsha kayongo. SRN39 ni mfano wa mstari ulioipoteza. Shanqui Red bado inayo.

Kuhusu bendi: hapana, usizihesabu bado. Kila sampuli ipimwe kwa jozi tatu za praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR): ya ndani ya LGS1, ya kingo mbili za sehemu iliyofutika, na ya jeni ya kudumu kama aktini. Aktini nayo ikikataa, DNA ni chafu. Majani makuu ya mtama yana polifenoli nyingi zinazozuia PCR, kwa hiyo chuma machanga, tia PVP (huzinasa polifenoli) kwenye bafa ya CTAB ya kutolea DNA, na uzimue DNA mara kumi kabla ya kurudia. Jozi ya kingo ndiyo itakayokuonyesha mimea yenye nakala moja nzima na moja iliyofutika. Mimea hiyo hutoa bendi ya ndani pia na bado huamsha kayongo, maana tabia hii hujificha mpaka nakala zote mbili zikosekane. Ila vifutiko viko vya aina kadhaa na kingo zake hazilingani. Vidogo vilivyo ndani ya jeni hubadilisha urefu wa bendi tu.

fundi_agari
Mama kasema vyema, lakini alama za DNA bila jaribio la sahani ya agari ni nusu ya kazi. Safisha mbegu za kayongo kwa etanoli 70%, kisha hipokloriti 1%, suuza kwa maji safi mpaka harufu iishe. Zilaze kwenye unyevu, gizani, nyuzi 28 hadi 30, siku 10 hadi 14. Bila hatua hiyo haziamki hata kwa GR24, strigolaktoni ya kutengenezwa. Changanya na agari 0.7%, pandikiza mbegu ya mtama iliyochipua ukingoni, mzizi uelekee ng'ambo ya sahani. Baada ya siku tatu pima kwa hadubini umbali kutoka mzizi hadi kayongo ya mbali kabisa iliyoota. Chini ya milimita 10, mstari huo ni wa kuamsha kidogo.

Weka sahani ya GR24 (miligramu 0.1 kwa lita, iyeyushe kwanza kwa asetoni) na ya maji matupu. Kayongo ikiota kwenye maji matupu, angalia kama kuna ndizi zinazoiva karibu: ethileni nayo huiamsha. Sahani zote zipite otoklevu, nyuzi 121, kabla ya kutupwa. Mbegu hizo ni kama vumbi.

Ugenya_Mbegu
Asanteni sana. Na mstari ukifaulu agari halafu ushindwe shambani?

mama_jenomu
Hutokea. Orobankoli haiko kimya kabisa, na kayongo ya shamba moja si ya damu moja, chache zitaisikia. Changanya na desmodiamu ya sukuma-vuta, mbinu ya kilimo mseto iliyoanzia taasisi ya utafiti wa wadudu icipe kule Mbita: mizizi yake huzuia kayongo kushika mtama.

fundi_agari
Kinyume chake pia kipo. Ukipima kwenye vyungu vyenye mbolea ya DAP, fosforasi yake hupunguza strigolaktoni na kila mstari utaonekana mzuri. Tumia mchanga uliooshwa, fosforasi kidogo sana.