Kutoa plagi za bloku ya injini: kupiga, kutoboa au kupasha moto?

Fundi wa Uyole
Habari zenu, ndugu mafundi. Nimeshusha injini ya dizeli ya silinda sita, yenye bloku ya chuma cha kusubu, na kabla ya kuiosha kwa dawa nataka kutoa plagi zote, yaani vizibo vya matundu ya bloku, za maji na za njia ya oili. Za maji zimeliwa na kutu, kwa kuwa gari limetembelea maji matupu, bila dawa ya kuzuia kutu, miaka mingi. Za oili ni za kufungwa kwa nyuzi kama skrubu, na zimegoma kabisa. Nimesikia kuhusu kupasha moto, kuchomelea nati na kutoboa kwa drili. Njia ipi ina hatari ndogo kwa bloku?

Mwanjelwa Gereji
Ndugu, za maji zisikutie hofu. Kila moja ni kikombe cha bati kilichopigiliwa tunduni. Piga kwa patasi butu karibu na ukingo wa kikombe hicho, si katikati, mpaka kigeuke ndani ya tundu lake na kusimama upande, kisha ukibane kwa koleo na kukivuta. Ukipiga kwa pupa kitatumbukia ndani, na kukitoa huko ni kazi ya nusu siku. Kilicholiwa sana na kutu hupasuka badala ya kugeuka. Hicho ukitoboe, ukaze skrubu na kuvuta, lakini drili isipite mbali, kwani nyuma yake upo ukuta wa silinda.

Fundi Makambako
Kwa za oili, mimi huanza na moto. Safisha kwanza tundu la kichwani mwa plagi, linaloingia ufunguo, hadi chini, kwa sababu ufunguo usioingia wote huharibu pembe zake, na hapo umejifungia mlango. Kisha elekeza moto wa gesi kwenye plagi yenyewe mpaka iwe nyekundu. Plagi hutanuka huku bloku iliyoizunguka ikiwa bado ya baridi, hivyo hujibana. Ikipoa husinyaa na kuachana na kutu iliyoishikilia. Ingali ya moto, lakini wekundu umekwisha, igusishe mshumaa: nta huyeyuka na kunywewa na nyuzi. Fungua kidogo, rudisha kidogo, usilazimishe.

Pembe zikiwa zimeshaharibika, chomelea nati juu yake, maana unapata joto na mahali pa kushika kwa wakati mmoja. Drili naiweka mwisho kabisa, kwa kuwa ikienda upande kidogo tu inakula nyuzi za bloku. Kama bloku ingekuwa ya alumini ningekuzuia kuipasha hivyo, kwani alumini huyeyuka hata kabla ya kupita nyuzi joto 660 za Selsiasi, bila kuwa nyekundu kwanza.

Ipogolo, Iringa
Naomba kutofautiana nawe kidogo, kaka. Ikiwa plagi za oili hazivuji, kwa nini tusiziache na kupuliza njia kwa upepo wa kompresa?

Fundi Makambako
Kwa sababu uchafu hujikusanya kwenye ncha zilizozibwa, nyuma ya plagi hizo hizo, na upepo haufiki huko sawasawa. Dawa huulainisha, kisha oili ya moto huja kuubeba hadi kwenye beringi mpya. Bila kupitisha brashi ndefu kutoka upande mmoja hadi wa pili, mimi siwezi kumkabidhi mtu injini hiyo.

Dereva wa Tukuyu
Niongeze kwamba matundu ya plagi za maji hayakuwekwa ili plagi ziruke maji yakiganda kuwa barafu, kama wengi wetu wa nyanda za baridi tunavyoamini. Yalibaki pale mchanga wa kusubia bloku ulipotolewa. Ukirudisha, weka za shaba nyeusi au shaba ya njano, ambazo hazipati kutu kama za chuma, na uache kutumia maji matupu. Plagi inayovuja utaijua ukiwa katikati ya mlima wa Kitonga na mzigo.

Fundi wa Uyole
Nashukuru sana. Za maji zimegeuka zote isipokuwa mbili, nilizozitoboa. Za oili nne zimekubali mshumaa, na ya tano, iliyokuwa imeharibika pembe, imetoka kwa nati. Nyuma yake nimekuta tope jeusi, zito kama grisi, lililoziba karibu nusu ya njia.