Mrejesho: Safari ya meli na familia msimu wa vimbunga

Ndugu zangu, niliuliza kama ni busara kuipeleka familia Karibi kwa meli ya kitalii mwezi Septemba, na nawashukuru kwa majibu yenu. Tutakwenda, ila tumeisogeza safari hadi Desemba, kwa kuwa msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni 1 na kuisha Novemba 30, na kilele chake huwa karibu na Septemba 10. Kilichonishawishi zaidi ni mkataba: nahodha anaweza kubadili bandari ili kukwepa dhoruba bila kampuni kuwajibika kutulipa fidia, na kwa kawaida bima haigharamii kimbunga kilichokwisha kupewa jina kabla hujainunua. Mama yangu anatumia dawa za presha kila siku, na meli ikichelewa kutia nanga zingeweza kumwishia baharini.