Naomba ushauri: matokeo ya utafiti wangu niyarudishe vipi kijijini?

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Nipo Dodoma, nimemaliza shahada ya uzamili ya anthropolojia, yaani elimu ya maisha na utamaduni wa watu. Nilikaa na wakulima wilayani Bahi nikitaka kuelewa kwa nini wengi wanang'ang'ania mahindi ilhali mvua ni haba na mabwana shamba wanahimiza mtama. Sikukuta ubishi wala ujinga, kama wengine wanavyodhani. Mtama unaliwa na ndege waitwao kwelea kwelea, na anayeshinda juani kuwafukuza ni mama, au mtoto aliyepaswa kuwa darasani. Kazi hiyo haionekani kwenye vipimo vya mvua na udongo.

Sasa yote yamelala kwenye tasnifu ya Kiingereza, na inaniuma. Mwaka 2014, Ebola ilipoenea Afrika Magharibi, wanaanthropolojia walisaidia kupanga mazishi salama ambayo familia ziliweza kuyakubali. Elimu hii ina kazi mtaani.

Mliowahi kufanya hivi, nianzie kwa mtendaji wa kijiji niombe nafasi kwenye mkutano mkuu, au halmashauri kwanza? Na maofisa kilimo niwaeleze vipi wasione nawakosoa? Redio je, inafaa?