Nataka kushuka kutoka Super Ténéré 1200 kwenda pikipiki nyepesi, niko Mtwara. Ushauri wenu wakuu

MsafiriKusini

Wakuu, habari za leo. Nina Yamaha Super Ténéré 1200 (XT1200Z). Tenki likijaa ina kilo 261, na hapo sijafunga masanduku ya pembeni. Kwenye lami ya Mingoyo hadi Masasi sina malalamiko, ila matumizi yangu yamebadilika. Safari nyingi sasa ni za ndani: Nanyamba, Tandahimba, vijiji vya Newala, mara nyingine Msimbati. Dar ni mara chache. Urefu wangu sentimita 168, uzito kilo 74, na goti la kulia si zima. Nikisimama kwenye mchanga nagusa chini kwa ncha za vidole tu.

Nilizoweka mezani: Honda CB500X, Royal Enfield Himalayan 411, Honda CRF250L, Suzuki DR650 na Honda XR150L. Mzigo ni begi la kilo 15 hivi, na mara moja moja nabeba mama watoto. Cheni sijawahi kuitunza, hii yangu inatumia shafti. Nisaidieni kuchuja. Nawasilisha.

Kangomba_Mstaafu

Mkuu, kwanza itoe Dar kwenye hesabu. Ukichagua chombo kwa ajili ya kilomita 560 unazokwenda mara chache, siku zote zilizobaki utakuwa unasukuma chuma kwenye mchanga wa Nanyamba. Dar kuna mabasi.

Ukishaitoa Dar, CB500X inapungukiwa hoja. Ni pikipiki nzuri sana ya lami: kilo 197, tenki la lita 17 na ushee, silinda mbili zisizotetemesha mikono. Lakini ina ringi za spoti, za kipande kimoja zisizo na spoku, na tairi ya nyuma ni 160/60-17. Ringi ya namna hiyo ikipiga jiwe kwa kishindo inapinda au kupasuka, na fundi wa kijijini hana la kufanya. Ya spoku ikipinda inanyooshwa, spoku iliyokatika inabadilishwa chini ya mwembe. Kama bado unaitaka, tafuta ya 2019 kuja huku, ndiyo yenye tairi ya mbele inchi 19. Za nyuma ya hapo ni 17 mbele, kwenye mashimo zinakula mikono.

Mkanaledi_Spea

Naongezea kwenye hoja ya tairi, maana wengi huangalia injini kwanza halafu wanakwama kwenye mpira. Kabla hujalipa, andika saizi za tairi na tyubu kwenye karatasi, zunguka maduka ya Mtwara mjini na Masasi, uulize. Zilizojaa ni za bodaboda, 2.75-17 na 3.00-17, pamoja na za inchi 18. Himalayan 411 ni 90/90-21 mbele na 120/90-17 nyuma. XR150L ni 90/90-19 na 110/90-17. Hizo zote agiza seti moja ya akiba mapema, usisubiri ziishe. Tyubu za inchi 21 beba mbili.

Sasa uzito. Usidanganywe na karatasi: Himalayan ni kilo 199, CB500X ni 197, mtu atasema ni zile zile. Himalayan siti iko milimita 800 kutoka chini, CB ni 830. Kwa urefu wako hizo milimita 30 ndizo zinazoamua kama unyayo unatua wote au kisigino kinabaki hewani. Super Ténéré yako siti iko 845 ukiishusha, na ni pana, kwa hiyo miguu inatanuka kabla ya kwenda chini. Siti nyembamba ya 840 inaweza kufikika kirahisi kuliko pana ya 820.

DR650 ina kilo 166 tu na injini kubwa isiyo na maji, raha kwa fundi. Siti ni 885 lakini. Inashushwa hadi kama 845 kwa kubadili mkao wa shokapu, kazi ya fundi anayejua. CRF250L nayo ni 875, na tenki lita 7.8. Kwa matumizi ya kilomita 28 kwa lita unapata kama 218 ikiwa kavu kabisa, kwa usalama hesabu 180. Ukienda Newala na kuzunguka vijiji utanunua petroli ya chupa, na hiyo pikipiki ina sindano ya mafuta badala ya kabureta, haipendi maji wala uchafu.

Bi_Mikindani

Kaka, kimo cha siti unachokisoma kimepimwa pikipiki ikiwa tupu. Ukikaa inazama. Ipime hivi, mtu mmoja akusaidie: simamisha kwa stendi ya kati au inua nyuma hadi tairi iache ardhi, pima kwa tepu toka katikati ya ekseli ya nyuma hadi alama uliyoweka kwenye keria, wima kabisa. Shusha, kaa na begi lako likiwa limefungwa, miguu kwenye vikanyagio, mwenzio ashike usukani. Pima tena. Tofauti iwe kama theluthi moja ya mwendo wote wa shokapu. Himalayan nyuma ina milimita 180, basi tafuta 55 hadi 60. Ikizidi, kaza springi, ikipungua, legeza. Wengi wanalegeza sana ili miguu ifike chini, matokeo yake usukani unakuwa mzito na pikipiki inagonga chini ukibeba abiria. Bora ukate sponji ya siti sentimita 2 kwa fundi wa viti.

Mtu_wa_Ndanda

Mnamzungusha mkuu. Umesema goti. Basi jibu ni XR150L, kilo 129 hivi. Ikilala kwenye mchanga unaiinua bila kuita vijana. Injini inapozwa kwa hewa, kabureta, hakuna rediata ya kutoboka. Tenki lita 12, unafika Newala na kurudi Mtwara bila kuwaza sheli. Nyuma ina keria tayari na breki ya ngoma, ambayo matope hayaisumbui sana.

Kangomba_Mstaafu

Mtu wa Ndanda, umesahau mama watoto. Kilo 74, na mama, na begi, kupandisha ukingo wa Newala kwa 150? Inapanda, ila kwa gia ya pili ikilia njia nzima.

Mtu_wa_Ndanda

Inapanda vizuri ukipunguza jino moja la sproketi ya mbele, kile kigurudumu cha meno kinachovuta cheni. Jino moja mbele ni sawa na kuongeza kama matatu nyuma, na la mbele ni rahisi zaidi, cheni unaisogeza kidogo tu. Gharama yake: kwenye lami injini inazunguka zaidi kwa mwendo ule ule, kwa hiyo 80 ndiyo raha yake, siyo 95. Ila nakubali, kama abiria ni kila wiki, Himalayan inambeba bila kulalamika. Ina nguvu kama farasi 24 tu lakini zinakuja chini, hulazimiki kuifinya.

Chuno_Fundi

Mkuu umesema hujawahi kutunza cheni. Hapo ndipo utakapoumia, maana vumbi la uwanda wa Makonde ni laini, linaingia kila mahali.

Cheni zenye oringi zina grisi ndani, imefungiwa na vimpira vidogo kila pini. Kazi yako ni kulinda vimpira na kulainisha nje. Osha kwa mafuta ya taa na brashi laini, futa kwa kitambaa. Petroli usitumie, inakausha vimpira vinapasuka, grisi inatoka, na ndani ya muda mfupi cheni inakuwa na vipande vigumu visivyokunjika. Mashine ya kuoshea ya presha usiielekeze kwenye cheni wala kwenye beringi za magurudumu. Ikikauka paka oili ya gia 80W-90 kidogo kwa upande wa ndani huku ukizungusha tairi kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Narudia, imezimwa, vidole vimekatika kwa wanaowasha na kuweka gia. Paka jioni, asubuhi futa iliyozidi. Ukiacha inachuruzika, mchanga unaganda na unakuwa msasa.

Ulegevu: pima katikati ya cheni ya chini, isukume juu na chini. Soma kibandiko kwenye pikipiki yenyewe. Nyingi ni milimita 25 hadi 35, za shokapu ndefu zinataka zaidi. Cheni haichakai sawasawa, zungusha tairi utafute sehemu iliyokaza kuliko zote, pimia hapo. Ikikazwa sana, shokapu ikizama inavuta na kuua beringi ya sproketi ya mbele, oili inaanza kuvuja upande wa gia. Hilo nalo ni ghali kuliko cheni. Ukikaza ekseli hakikisha alama za kulia na kushoto zimelingana.

Badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka inaisha upesi.

MsafiriKusini

Shukrani sana wakuu. DR na CRF nazitoa kwa ajili ya kimo, CB naitoa kwa ajili ya ringi. Nimebaki na Himalayan na XR. Himalayan nitakayopata huenda ikawa mtumba. Niangalie nini? Na upepo kwenye mchanga niweke kiasi gani?

Mkanaledi_Spea

Beringi za shingo kwanza, za matoleo ya awali zilijulikana kuchoka mapema. Inua tairi ya mbele, geuza usukani taratibu toka upande hadi upande. Ukihisi kakijino katikati, usukani unajituliza wenyewe pale unapoelekea mbele, beringi zimekwisha. Kisha shika miguu ya shokapu chini uvute mbele na nyuma, isiwe na mchezo.

Nyuma, vuta cheni itoke kwenye sproketi pale nyuma kabisa. Ukiona zaidi ya nusu ya jino, cheni imekwisha, punguza bei. Gonga spoku moja moja kwa spana ndogo: zilizokaza zinalia, iliyolegea inatoa sauti ya kufa. Kama pikipiki imeishi Shangani au popote karibu na bahari, tazama vichwa vya spoku na plagi za waya chini ya tenki, chumvi inaanzia huko. Iwashe ikiwa baridi. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto kabla hujafika anaficha jambo. Namba ya chesesi na ya injini zilingane na kadi, na uhamisho wa umiliki ukamilike TRA kabla hela yote haijatoka.

Usiichanganye na Himalayan 450 iliyotoka mwishoni mwa 2023. Ile ina rediata na siti inaanzia 825.

Halafu mwombe muuzaji uilaze juu ya gunia na kuiinua mwenyewe. Geuza usukani wote, weka gia, stendi ya pembeni iwe nje kama imelalia kulia, mgongo uelekee siti, nyanyua kwa miguu. Goti likikataa, una jibu lako, chukua XR.

Bi_Mikindani

Upepo: lami ukiwa peke yako fuata kibandiko, kwa kawaida ni kati ya psi 25 na 32. Ukifika mchanga mzito wa Msimbati shusha hadi 18 au 20 mbele na nyuma. Chini ya hapo tyubu inazunguka ndani ya tairi na kung'oa valvu, au inabanwa na ringi kwenye jiwe na kutoboka matundu mawili pacha. Nati ndogo ya valvu ilegeze ikae juu karibu na kifuniko: ukiona valvu imelala upande, tyubu imeanza kuzunguka, simama ujaze. Kwenye mchanga kaa nyuma, gia ya pili au tatu, mikono ilegee, na usifunge mafuta ghafla, tairi ya mbele inachimba. Ukirudi lami jaza kabla hujafika 60 kwa saa, kwa hiyo pampu ndogo ya mkono na kipimo viwe ndani ya begi, chini ya siti havitoshi.