Simu yako ikishikwa na wenye mamlaka: tupeane uzoefu kabla hayajatukuta

Kitasa (mwanzisha mada)
Wadau, suala la simu kushikwa na askari au afisa wa mpakani linazungumzwa kwa woga kuliko kwa maarifa. Mtu anasema "nimeweka nenosiri" na anaamini yamekwisha. Naomba kila anayejua upande wake auandike hapa hatua kwa hatua: kipi kinasomeka kwenye simu iliyofungwa, kipi kinasomeka hata simu isiposhikwa, na kipi kinazuilika.

Naanza na hali za simu, maana wengi wanazichanganya. Simu iliyofunguliwa, kila kitu kiko wazi. Simu iliyofungwa skrini lakini ilishafunguliwa angalau mara moja tangu iwashwe, funguo za kufumbua data bado zimo kwenye kumbukumbu yake, na vifaa vya uchunguzi vinavyouzwa kwa polisi vinatafuta upenyo hapo hapo. Simu iliyozimwa, au imewashwa na nenosiri halijaingizwa hata mara moja, funguo hizo hazijazaliwa bado. Anayeichimba anakutana na data iliyofumbwa, yaani isiyosomeka bila ufunguo.

Kwa hiyo ukiona unaelekea kwenye upekuzi, zima simu. Kubonyeza skrini ikawa nyeusi si kuzima. iPhone zenye mfumo wa iOS 18.1 na kuendelea zinajizima na kujiwasha zenyewe zikikaa siku 3 bila kufunguliwa, kwa sababu hiyo hiyo: kuirudisha simu kwenye hali ya funguo kutokuwepo.

nyuki_mweusi
Umesahau kidole. Nenosiri liko kichwani mwako, kidole kiko mkononi, na mkono unashikika. Uso ndiyo kabisa, unaelekezewa simu tu. Ondoa vyote viwili, tumia nenosiri peke yake.

Bint Saidi
Sikubaliani na nyuki_mweusi. Anayeingiza nenosiri mara themanini kwa siku kwenye daladala na foleni analionyesha kwa kila jicho na kila kamera ya ukutani. Kidole kinalinda nenosiri lisionekane. Kinachotakiwa ni kujua namna ya kukizima haraka. Kwenye iPhone bonyeza kwa pamoja kitufe cha pembeni na kimojawapo cha sauti mpaka kitokee kitelezi cha kuzima. Hapo hapo uso na kidole vinakataliwa mpaka nenosiri liingizwe. Kwenye Android nyingi, shikilia kitufe cha kuwashia, kuna chaguo la kufunga kabisa. Baadhi ya simu chaguo hilo halionekani mpaka uliwashe kwenye mipangilio ya skrini ya kufunga, kwa hiyo litafute leo.

nyuki_mweusi
Dada, aliyekamatwa ghafla hana muda wa kushikilia vitufe viwili. Ushauri wako unafaa kwa anayejua saa ya kukamatwa kwake.

Bint Saidi
Na wako unafaa kwa anayejua hatatazamwa na mtu. Kila mmoja apime hatari iliyo karibu naye zaidi.

Mzee Hesabu
Wakati mnavutana, tazameni urefu wa nenosiri lenyewe. Tarakimu 4 ni michanganyiko 10,000. Tarakimu 6 ni 1,000,000. Apple wamepanga kila jaribio lichukue kama milisekunde 80 ndani ya kifaa. Mtu akifanikiwa kuvuka kile kizuizi cha kusubirishwa baada ya kukosea, tarakimu 4 zinaisha kwa dakika kama 13 na tarakimu 6 kwa saa 22. Weka herufi ndogo na tarakimu zikiwa 6 tu, unaruka mpaka zaidi ya miaka 5.

Njia bora kwa mtu mwenye kumbukumbu ya kawaida ni maneno. Chukua orodha ya maneno 7,776, rusha dadu mara 5 kwa kila neno, na lile linalotoka ndilo, hata kama hulipendi. Maneno 4 yanakupa michanganyiko zaidi ya trilioni 3,000. Ukianza kuchagua maneno mwenyewe, hesabu yote inaanguka, maana watu huchagua yanayofanana. Mchoro wa kuunganisha nukta uacheni kabisa: alama ya mafuta ya kidole inabaki kwenye kioo, na mtu akisimama nyuma yako anaunasa kwa kuuona mara moja.

Msafiri7
Hapo kwenye kuchagua mwenyewe ndipo tunapokwama wengi. Asante mzee.

Fundi Mnara
Niongeze upande wa mtandao, kwa sababu huko hakuna nenosiri litakalokusaidia.

Kila simu ina namba ya IMEI ya tarakimu 15 (piga *#06# uione). Kila laini ina namba yake ya ndani pia, tofauti na ile unayowapa watu. Simu ikijisajili kwenye mnara, kampuni inaweza kuziona zote mbili. Ndiyo maana kubadilisha laini ndani ya simu ile ile hakukufichi: laini mpya imeingia kwenye IMEI ya zamani, na rekodi inaziunganisha dakika hiyo hiyo. Kubadilisha simu na kubaki na laini, vilevile. Hata ukibadilisha vyote viwili, simu mpya ikilala mnara ule ule na kuamkia mnara ule ule kama ya zamani, mchambuzi anaiona bila taabu. Simu mbili zinazotembea pamoja kutwa ni mtu mmoja.

Usahihi wa eneo unategemea minara ilivyosongamana. Mjini ni mamia ya mita, mashambani ni kilomita. Hakuna haja ya GPS wala bando. Huko Marekani kuna kesi ya Carpenter iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2018: rekodi za minara za siku 127 zilitoa nukta 12,898 za mahali alipokuwa mtu mmoja. Mahakama ikasema polisi wanahitaji hati ya mahakama kwanza. Hiyo ni sheria ya kwao. Rekodi zenyewe zipo popote penye mnara.

Halafu kuna mnara bandia. Kwenye 2G, mtandao wa kizamani, simu inajitambulisha kwa mnara lakini mnara haujitambulishi kwa simu. Kifaa kidogo ndani ya gari kinaishusha simu mpaka 2G na kuorodhesha walioko eneo hilo. Kuanzia Android 12, simu zinazowezesha zina swichi ya kuzima 2G kwenye mipangilio ya laini. Zima. Kama unakoishi mtandao mwingine ni dhaifu utapoteza simu za kawaida mara moja moja, ulijue hilo kabla ya kulalamika.

Kitasa
Fundi, umejibu maswali ambayo sikujua hata namna ya kuyauliza.

Kasri la Mchanga
Mnabishana juu ya vidole na minara, na hamjagusa la Anom. Hili kila mtu alisome.

Kuanzia mwaka 2018 kulikuwa na simu za Anom zikiuzwa kichinichini kwa watu wanaotaka siri. Zimenyofolewa uwezo wa kupiga simu za kawaida na barua pepe. Ndani kuna programu ya meseji iliyojificha nyuma ya kikokotoo. Huwezi kuinunua dukani, lazima anayeitumia akutambulishe. Sifa zikaenea mdomo kwa mdomo: hii haivunjiki. Zikafika kama 12,000, katika nchi zaidi ya 100.

Waliokuwa wakiiendesha ni FBI wenyewe, wapelelezi wa Marekani, wakishirikiana na polisi wa Australia. Kufumbwa kwa meseji kulikuwa kwa kweli, ila kila meseji ilitoka na nakala yake ya pembeni ikienda kwa polisi. Walisoma meseji milioni 27. Juni 2021 wakaitangaza operesheni, na watu zaidi ya 800 walikuwa wamekamatwa. Hakuna nenosiri lililovunjwa, mlango wa nyuma ulijengwa siku ya kwanza.

Msafiri7
Kwa hiyo hata zile programu zinazotangazwa kuwa za siri kabisa...

Jabali
Wale walikuwa wauza dawa na wauaji. Sioni inatuhusu nini. Serikali ifanye kazi yake. Asiye na cha kuficha atalala.

Kasri la Mchanga
Jabali, sitetei wauza dawa. Nasema namna iliyotumika. Chombo kile kile kinaweza kuuzwa kwa waandishi wa habari, kwa chama cha upinzani, kwa wauguzi walio kwenye mgomo. Na hata Anom ilikuwa na wakubwa wa kuulizwa. Kuna mahali hakuna wa kuulizwa.

Jabali
Basi tuulizane kuhusu sheria, si kufundishana kukwepa.

Bint Saidi
Kufunga mlango wa nyumba yako si kukwepa, ndugu yangu. Uko na mjomba anayeugua, uko na mteja aliyekupa namba zake, uko na rafiki aliyekuandikia usiku akilia. Simu ikifunguliwa wanafunguliwa wote, na hakuna aliyewauliza. Hapo "sina cha kuficha" unawasemea watu wasiokutuma.

Mzee Hesabu
Kujibu swali la Msafiri7: usiangalie tangazo. Uliza kama msimbo wa programu umewekwa wazi wataalamu waukague, na uliza kampuni inabaki na nini mahakama ikiibana. Signal, programu ya meseji, walibanwa mwaka 2016 na baraza la mashtaka la Marekani. Walichoweza kutoa ni tarehe akaunti ilipofunguliwa na tarehe ya mwisho kuunganishwa. Hawakuwa na zaidi.

WhatsApp inafumba mazungumzo, lakini chelezo (nakala ya akiba) inayopanda kwenye Google Drive au iCloud haikufumbwa kwa namna hiyo mpaka uwashe mwenyewe. Ingia mipangilio, mazungumzo, chelezo, kisha uchague chelezo iliyofumbwa mwisho hadi mwisho. Utaweka nenosiri lako au utapewa ufunguo wa herufi 64. Ukiupoteza, hata wao hawawezi kukurudishia. Na mkumbushe unayeongea naye, kwa sababu meseji zako ziko kwenye chelezo yake pia.

nyuki_mweusi
Mimi nasema futa simu kwa mbali mara tu inapochukuliwa.

Wakili wa Kata
Usifanye hivyo kabla ya kuongea na wakili. Nchi nyingi zinaita kuharibu ushahidi, na shauri lisilokuwepo linazaliwa hapo. Isitoshe, wachunguzi wanaojua kazi wanaiweka simu kwenye mfuko unaozuia mawimbi, amri yako haifiki.

Cha kufanya: sema kwa utulivu "sikubali kupekuliwa" bila kuvutana kwa mikono. Omba kuona hati. Omba karatasi ya vitu vilivyochukuliwa iandikwe aina ya simu, IMEI, laini ngapi, na kama ilikuwa imezimwa au imewashwa. Hilo la mwisho mawakili wenyewe husahau, na ndilo litakaloonyesha baadaye kama simu iliguswa. Kuhusu kulazimishwa kutaja nenosiri, jueni sheria ya mahali mlipo. Uingereza, kwa mfano, kukaidi amri rasmi ya kutoa ufunguo ni kosa la kifungo cha hadi miaka 2, na hadi 5 kwenye usalama wa taifa.

Kitasa
Na simu ikirudishwa?

Fundi Mnara
Ichukulie kama ya mtu mwingine. Usiingize nenosiri lolote humo. Kwa kifaa kingine, badilisha nenosiri la barua pepe kwanza, maana ndiyo inayofungua mengine. Kisha angalia vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp. Aliyeishika simu yako ikiwa wazi kwa dakika moja anaweza kuskani msimbo na kusoma kila kitu kwa kompyuta yake, hata simu yako ikiwa imezimwa. Ondoa usichokitambua. Kwenye Android kagua programu zenye ruhusa za ufikivu (accessibility) na za usimamizi wa kifaa. Programu za upelelezi hupenda kukaa hapo. Mwisho, rudisha simu kwenye hali ya kiwandani. Kama kazi yako ni ya hatari, usiitumie tena.

Msafiri7
VPN inasaidia lolote katika haya?

Fundi Mnara
Kwa tovuti zilizofungwa, ndiyo. Kwa mnara, hapana. VPN ni programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta za mtu mwingine; inahamisha imani yako kutoka kampuni ya intaneti kwenda kwa mwenye VPN, basi. Za bure usiziguse. Na uisakinishe mapema, siku ya kufungiwa hata tovuti ya kuipakua inafungwa.

Wakili wa Kata
Moja mnalisahau wote mliofundishana kuzima simu. Simu ikizimwa, namba zote zinazimwa nayo. Andika namba ya wakili na ya ndugu mmoja kwa kalamu ya wino usiofutika mkononi, juu ya kiwiko. Karatasi inachukuliwa pamoja na pochi.